Nilivyomwita Feu Ilunga Mara Tatu

Nimeshawahi kumwita marehemu kwenye kipaza sauti. Mchana kweupe, saa tisa, mbele ya madiwani wa Durban na maofisa wao na umati wa Wakongomani na Warundi (wengine walikuja kwa ajili ya sandwichi, lakini masikio walikuwa nayo kama wenzao). Na sikumwita mara moja, nilimwita mara tatu, ya tatu kwa ukali kabisa, kama mwalimu wa zamu anayemwita mtoro. Aibu ile nimeibeba kimyakimya, ila naona habari zinazunguka huko nje zikiwa zimeharibika, mara nilizimia, mara nilitokea dirishani, na dirisha lenyewe lilikuwa na nondo, sasa ningetokeaje? Bora mnisikie mimi mwenyewe.

Tuanze na kiburi, maana ndicho kilichoniponza. Mimi mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga akija kuishi Durban katikati ya Wakongomani huamka kila siku akijiona profesa. Wao wanasema iko, mimi nasema yupo. Wao wanasema batu, mimi nasema watu, tena kwa kuvuta midomo ili wasikie tofauti. Wananiita Tanzanie. Katibu wa zamani wa chama chetu alipohamia Cape Town wakanichagua mimi kwa sababu ya mwandiko wangu na Kiingereza changu, nami nikaupokea ukatibu ule kama nimekabidhiwa nchi.

Chama chenyewe ni cha sisi tunaouza vitu kwenye ukuta wa zamani wa bandari, pale maji ya ghuba yanapogusa mji. Mimi nabadilisha vioo vya simu. Jirani yangu ni Mama Bea, anauza vitenge na karanga, mama wa makamo, mpole, mtu wa maneno machache, ambaye kila asubuhi kabla hajatandika bidhaa zake huenda mpaka kwenye ngazi za mawe zinazoshuka majini, anasimama kidogo, anaangalia chini, anarudi. Miaka miwili namwona. Nilidhani anasali, na mimi si mtu wa kumwingilia mtu kwenye sala zake.

Basi ikaja habari kwamba jiji linataka kuufufua ukingo wote ule wa maji: njia ya kutembelea, viti, taa, miti, na vibanda vyenye paa kwa wauzaji. Fedha zitoke serikali kuu, Pretoria. Ila Pretoria haitoi hivihivi, inataka kuona baraza la jiji linaunga mkono, na baraza likasema litaandika barua ya kuunga mkono na kuambatanisha karatasi ya watu wanaofanya kazi pale, majina na sahihi zao. Ofisa aliyeshughulikia jambo hilo, Sisi Nomusa (sisi kwa Kizulu ni dada), mama nadhifu mwenye miwani ya mnyororo, alikuja ukutani mwenyewe, akaniambia kwa Kiingereza cha polepole nisije nikakosea: mstari mmoja, kibanda kimoja. Asiye na mstari hana kibanda. Na majina yalingane na daftari la chama, wote thelathini, wakipungua wataonekana chama cha mfukoni.

Mnaona uzito wake. Sisi hatuna hata mwavuli wa maana, mvua ikinyesha tunakimbilia chini ya daraja na vitu kichwani, askari wa jiji wakija tunakimbia tena. Kibanda chenye paa na namba yako mlangoni, hicho ndicho kitu ambacho Mama Bea na wenzake walikisubiri tangu mimi sijaijua Durban.

Nikachukua daftari la katibu wa zamani, nikaanza kuchapa majina. Ndipo nikakutana na watu watatu ambao majina yao yalianza na neno moja: Feu. Feu Ilunga Prosper, huyu alikuwa namba moja kabisa, mwanachama wa kwanza. Halafu Feu Mwamba, halafu Feu Kasongo. Nikajiuliza, hawa ndugu vipi, ukoo mmoja? Halafu nikakumbuka, na hapa ndipo mnapaswa kunicheka, cheka tu: Wakongomani taa za barabarani, zile ambazo Durban nzima inaziita robot, wao wanaziita feu. Siku zote nawasikia, tukutane ku feu, uniteremushe ku feu. Nikaona nimeelewa. Hawa watatu ni wale wanaouza chaja na kofia kwenye robot, katikati ya magari, na katibu aliwaandika hivyo ili asiwachanganye na watu wa ukutani. Ilunga wa robot. Nilifurahi sana kwa akili zangu. Nikawaweka mwisho, ukurasa wa pili, peke yao, kwa kuwa kituo chao ni kingine.

Alhamisi jioni nilikuwa na sahihi ishirini na saba. Mama Bea nilimfuata na karatasi, akatikisa kichwa.

"Mie niko ku jina ya bwana yangu," akasema. "Kibanda ni yake."

"Basi mumeo asaini, Mama. Kesho saa sita mchana karatasi inaondoka."

Akaangalia kule kwenye ngazi. "Akikuya, atasaini."

Nikamwambia haya. Jina la mumewe sikuuliza, nikadhani ni mmoja wa wale waliokwisha kusaini asubuhi nikiwa na haraka, mkewe hana habari. Huo nao ni uzembe, nauandika kwenye orodha yangu.

Wakabaki wale watatu wa robot. Nilizunguka robot zote za karibu na bandari, nikauliza Ilunga, hakuna anayemjua. Nikampigia mwenyekiti wetu, Papa Dede, ambaye mchana hufanya kazi kiwandani huko Jacobs, na nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma mpaka simu inatetemeka.

"Papa Dede, hawa wa feu sijawapata."

"Ba nani?"

"Wa feu! Ilunga na wenzake!"

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Bale utabapatia wapi, Tanzanie? Achana nabo."

Mimi nikatafsiri hivi: watu wa robot hawashikiki, usijisumbue kuwatafuta. Nikakata simu, nikakaa ukutani, karatasi gotini, na nikafanya kile kitu kidogo ambacho ndicho chanzo cha yote. Nikawasainia.

Jua lilikuwa bado lipo. Maji yalikuwa yamekupwa, tope linanuka, zile ngazi za mawe zimetoka nje zote mpaka vile vidato vya chini vyenye ukijani ambavyo kwa kawaida huvioni. Mwamba nilimchorea mstari wenye mawimbi. Kasongo nikamchorea K kubwa yenye mkia. Nilipofika kwa Ilunga mkono ukaniwia baridi, nikadhani ni upepo, kalamu ikaanza kwenda, na ikaenda muda mrefu kuliko nilivyokusudia: ikapanda, ikazunguka mara mbili, ikashuka chini ya mstari, ikajikunja kama ndoana, halafu ikaweka nukta mbili ndani ya ile ndoana, tap, tap. Nikaitazama. Nakumbuka niliwaza kwamba huyu bwana ana sahihi nzuri kuliko yangu. Halafu chini ya ile karatasi ya jiji nikaona kuna sehemu imeandikwa: chagua mwanachama wa muda mrefu zaidi atakayesema maneno machache siku ya mkutano. Namba moja si ndiye? Nikaweka tiki kwa Feu Ilunga Prosper, nikasema nitampata tu, wiki nzima ipo.

Wiki ikaisha sijampata, na ukweli ni kwamba sikumtafuta.

Siku ya mkutano nilipanda taxi kutoka Isipingo nikiwa na suti ya kuazima na tai nyekundu, mvua ya manyunyu inaanguka toka asubuhi, anga limeshuka mpaka winchi za bandarini hazina vichwa. Ukumbi uko hatua chache kutoka majini, wa zamani, kuta zake zina alama za unyevu mpaka kifuani mwa mtu. Mbele waliweka mfano wa ukingo mpya ndani ya sanduku la kioo: njia nyeupe, vibanda vidogo, maji ya plastiki ya buluu yaliyotulia, na watu wadogo weupe wasio na nyuso, wamesimama wawili wawili wakiangalia maji. Sijui kwa nini wale watu walinikera. Pale zilipo ngazi za mawe palikuwa pamefunikwa, pamekuwa jukwaa la mbao lenye kiti kimoja.

Mstari wa mbele walitenga viti vya wazungumzaji, kila kiti na kadi. Kimoja kiliandikwa Mister F. Ilunga. Mlinzi wa ukumbi alikuwa anakifuta kwa kitambaa.

"Kina maji," akaniambia. "Nimeshakifuta mara mbili."

Nikaangalia juu, AC ilikuwa hapo hapo juu ya kiti, nikamwonyesha kwa kidole. Mpaka leo sijauliza kama AC ile ilikuwa inafanya kazi, na siulizi.

Diwani akaongea, akasema baraza linaunga mkono kwa kauli moja, Pretoria iwasikie watu wa Durban. Makofi. Mzee mmoja mwenye duka la vyombo vya uvuvi akaongea. Makofi. Kisha Sisi Nomusa akainama kwenye karatasi yake, akaita kwa Kiingereza, akilisoma lile neno kama Waingereza wanavyosema wachache: "Mister Few Ilunga."

Hakuna aliyesimama. Wakongomani hawakugeuka hata, kwa matamshi yale hawakujua anaitwa nani. Na hapa, ndugu zangu, ningekaa kimya, mama yule angepita jina linalofuata na mimi leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini katibu anaweza kukaa kimya? Katibu wa Tanga, mwenye tai? Nikanyanyuka, nikamnong'oneza niruhusu, nikachukua kipaza sauti.

"Feu Ilunga Prosper," nikasema, matamshi yamenyooka. "Unaitwa mbele."

Ukumbi ukanyamaza. Sio kunyamaza kwa watu waliochoka na hotuba. Karanga ziliacha kutafunwa. Mama mmoja wa Kirundi alimfunika mwenzake mdomo kwa kiganja.

"Feu Ilunga Prosper, kama upo ndani ya ukumbi huu, jitokeze."

Kipaza sauti kikalia mluzi mwembamba, kikanyamaza. Nikaona watu wananiangalia kwa macho ambayo sijawahi kuangaliwa nayo, nikadhani ni wivu. Nikakasirika. Tunajiaibisha mbele ya jiji, mtu amepewa nafasi ya kusema anajificha.

"Ilunga! Toka huko uliko, watu wanakusubiri wewe!"

Mstari wa nyuma kabisa mtu akainuka, taratibu, akishikilia kiti cha mbele yake. Alikuwa Mama Bea.

"Iko," akasema.

Sauti ilikuwa ndogo lakini ilifika. Nikashusha pumzi, kumbe anajulikana.

"Iko wapi, Mama?" (Nilisema iko, mimi. Sikuwa na nafasi ya kujisahihisha.)

"Iko ku maji."

Sisi Nomusa akanigusa mkono. Anasema nini? Nikamtafsiria nilichokisikia, neno kwa neno, kwamba mama anasema Mister Ilunga yupo, yupo kwenye maji. Uso wake ukachangamka. Aa, ameenda kunywa maji? Hakuna shida, akasema, yeye ni mwanachama wa kwanza, tutamsubiri.

Tukamsubiri.

Nataka mnielewe kuhusu zile dakika. Madiwani wameweka mikono mapajani, wanatabasamu, wanaangalia mlango. Sisi Nomusa anatabasamu, anaangalia mlango. Wakongomani na Warundi wote hawatabasamu, hawaangalii mlango, wanaangalia chini, wengine midomo inakwenda bila sauti, na Mama Bea peke yake amesimama, ameugeukia mlango na mwili mzima, ameshika kilemba chake kana kwamba anakirekebisha. Mvua imezidi kwenye mabati. Kile kiti chenye kadi kinang'aa. Na mimi nimesimama na kipaza sauti, na kitu fulani kimeanza kunitambaa mgongoni, maana mtu wa kuuza kofia kwenye robot hasubiriwi namna ile.

Ndipo tukasikia hatua nje, viatu vyenye maji, chwap, chwap, zinakuja kwenye ubaraza. Mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamume, ameloa kuanzia kichwani, maji yanamchuruzika puani, ovaroli imemganda mwilini.

Kelele zilizotoka pale sitazieleza. Viti vilianguka. Mtu aliita jina la Yesu kwa lugha nne. Diwani mmoja, asiyejua chochote, alisimama akaanza kupiga makofi.

Alikuwa ni Papa Dede, ametoka Jacobs kazini, taxi imemshusha mbali na mwavuli hana. Alisimama pale mlangoni, anatuangalia, hajui kosa lake. Mama Bea alimwangalia muda mrefu kuliko sisi wote. Kisha akakaa.

Papa Dede akaja mbele, watu wakamnong'oneza njiani, na kila aliponong'onezwa akapunguza mwendo. Alipofika kwangu alinishika kola, sio kwa nguvu.

"Tanzanie. Umeita nani?"

"Feu Ilunga. Yule wa robot."

"Wa robot?"

"Feu si robot?"

Aliniangalia kama mtu anayetafuta pa kuanzia kulia au kucheka. "Feu ni marehemu, mwana yangu. Mu Kifaransa banaandikaka vile mbele ya jina ya mutu mwenye alikufa. Feu Ilunga, marehemu Ilunga. Ni bwana ya Mama Bea. Alishuka ku zile ngazi asubuhi moja kuokota hema, upepo iliibeba. Viatu vilibakia juu. Yeye hatukumuona tena mpaka leo."

Nilikalia kiti cha karibu, na kilikuwa kile chenye maji. Yaliniingia mpaka ndani, ya baridi, nikashindwa kuinuka.

Sasa Sisi Nomusa alikuwa ameshaelezwa na mtu, na tabasamu limemwisha. Akatoa ile karatasi kwenye faili lake. Marehemu amesaini? Wiki iliyopita? Akasema kwa upole unaoumiza kuliko matusi kwamba sahihi moja ya kughushi inaichafua karatasi nzima, hawezi kuipeleka Pretoria chini ya barua ya baraza, na bila karatasi hakuna mistari, na bila mistari vibanda watapewa wengine. Watu ishirini na saba waliosaini kwa mikono yao walinigeukia. Nikawaona mmoja mmoja, mama wa nyanya, kinyozi, yule mshona viatu aliyeniazima suti.

"Minaomba kuona," akasema Mama Bea. Alikuwa ameshafika mbele, sikumsikia akija.

Akapewa. Akavaa miwani, akasoma ukurasa wa pili, kidole kikitembea chini ya maneno, kikasimama.

"Nani aliandika feu?"

"Katibu wa zamani," akasema Papa Dede, bila kumtazama. Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo mimi peke yangu sikulijua, na jingine ambalo Mama Bea peke yake hakulijua. Miaka yote ile alikataa kusema mumewe amekufa, kwa kuwa hakuona mwili, kwa kuwa hakuna kaburi, matanga hayakuwekwa, na wenzake kwa huruma wakamwachia. Lakini chama kinahitaji daftari, na katibu wa zamani aliandika neno lile kimya kimya, wote wakaliona, hakuna aliyemwambia. Akaja kulisikia siku ile, kutoka kwangu, kwenye spika mbili kubwa.

"Na hii?" Kidole kilikuwa kwenye sahihi. "Hii nani aliandika?"

"Mimi, Mama." Nikailegeza tai. "Nisamehe. Nilisaini mimi, sikujua."

"Weye?"

"Mimi."

"Ulimuonaka wapi Prosper?"

"Sijawahi kumwona, Mama. Nilipokuja Durban alikuwa ameshaondoka."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa, nakala ya kibali cha ukimbizi, picha ya mwanamume mwenye shingo ndefu, na chini yake sahihi. Akaiweka mezani kando ya karatasi yangu. Sisi Nomusa akainama. Mimi nikainama. Ilipanda, ikazunguka mara mbili, ikashuka chini ya mstari, ikajikunja kama ndoana, na ndani ya ndoana nukta mbili.

Nikazihesabu nukta upya, zilikuwa mbili.

Sisi Nomusa aliangalia huku, akaangalia huku, akavua miwani. Akasema: lakini hii ni sahihi yake. Nikasema hapana, ni yangu. Akasema mimi nimekagua sahihi miaka mingi, hii ni ya mtu huyu. Nikamwambia Sisi, nakuapia, nilikaa ukutani nikaichora kwa mkono huu. Akanisukumia karatasi tupu na kalamu. Basi ichore tena.

Jamani. Mimi, mbele ya baraza la jiji, suruali imeloa makalio, nimeketi najaribu kughushi ushahidi kwamba nilighushi. Ya kwanza ilitoka kama mnyoo. Ya pili ndoana iligeukia upande mwingine. Nilijaribu nikiwa na mfano mbele ya macho yangu, nikajaribu kwa haraka, nikajaribu kwa kufumba macho, diwani akija kuchungulia begani, kalamu tu inakwaruza. Nilijaza ukurasa wote. Hakuna iliyofanana hata kwa mbali.

Mama Bea alinishika mkono, akauzuia. Kiganja chake kilikuwa cha moto, au changu ndicho kilikuwa baridi.

"Acha, mwana yangu. Basi."

Akageukia watu, si maofisa, watu wake. "Nilisema akikuya, atasaini. Alikuya. Alisaini. Sasa anaweza kwenda."

Akachukua kalamu kwangu. Juu ya neno feu, ambalo mimi nililichapa kwa mashine, alipitia tena kwa mkono wake, herufi tatu, akikandamiza. Halafu pembeni akaandika jina lake kamili, ambalo mimi jirani yake wa miaka miwili nilikuwa silijui, na akasaini. Ndipo akalia, kwa sauti, kilio cha msiba, na wale mama wote wakaja wakamzunguka wakaanza kulia naye, kana kwamba taarifa imefika ile saa.

Sisi Nomusa alisubiri. Kisha akamwambia Papa Dede taratibu kwamba karatasi ile ataifuta, ila tuna mpaka Jumatatu kuleta nyingine, na waliofariki waandikwe waliofariki, na warithi wao wasaini kwa majina yao. Jumatatu tulipeleka. Mama Bea ni mstari wa kwanza. Barua ya jiji iliondoka na karatasi yetu nyuma yake, na tunasubiri jibu la Pretoria kama mnavyosubiri nyinyi.

Matanga yaliwekwa Isipingo, chumba cha Papa Dede, siku tatu. Mimi nilimenya vitunguu siku zote tatu bila kuambiwa. Siku ya mwisho tulikwenda kwenye ngazi, Mama Bea akashuka vidato viwili, akamwita mumewe kwa jina, mara moja tu. Tulisubiri. Hakuitikia mtu. Akapanda, akaenda kutandika vitenge vyake, na tangu siku hiyo asubuhi haendi tena kusimama pale.

Siku hizi neno nisilolijua naliuliza, hata likiwa la mtoto, hata likiwa la Mkongomani. Wakisema iko, na mimi nasema iko. Simsainii mtu, hata kama amesimama mbele yangu amevunjika mikono miwili. Na ya kwangu mwenyewe naisaini polepole, herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la kwanza, macho yakiwa kwenye ncha ya kalamu mpaka ikome.